Uliza Shangazi: Fort Stevens, ile pwani yenye ngome

Haya jamani, toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba ukikaa Oregon bila kufika Fort Stevens bahari ya kule bado hujaijua, na maswali yaliyomiminika baada ya hapo yamenifanya niache mambo ya viza na tiketi mwezi huu, ukurasa wote tuupeleke huko huko. Kwa asiyejua, Fort Stevens ni hifadhi ya jimbo la Oregon, Marekani, iko pembeni kabisa kaskazini magharibi pale mto Columbia unapoingia bahari ya Pasifiki, jirani na vimji vya Warrenton na Astoria, na kutoka Portland ni kama saa mbili kwa gari. Kuna ufukwe mrefu, msitu, ziwa, njia za baiskeli, na humo humo kuna ngome za zege ambazo jeshi liliziacha. Wengi mmeuliza kuhusu hizo ngome. Mimi mwenzenu nimezikuta hazina neno, kinachonitia wasiwasi ni maji, lakini tutafika huko.

*"Tantine, jambo. Sisi ni bantu ya Uvira, tuko hapa Portland sasa miaka ine. Batoto banalia banataka kuona bahari, na rafiki wa kanisa akatuambia twende Fort Stevens. Lakini bwana yangu anasema ile ni kambi ya basoda, na sisi kwa basoda tuliona mingi, hataki hata kusikia. Ni kweli kuko basoda? Batatuuliza makaratasi?" (Mama wa batoto batano, Portland)*

Jambo sana mama, na baba watoto msalimie, woga wake naujua unatoka wapi na wala simcheki. Mwambie hivi: hamna askari pale. Jeshi lilifunga kazi mwaka 1947, likabeba vyake likaondoka, na eneo lile leo ni mali ya umma, la kutembea na kulala mahema na kuchoma nyama. Mtu wa sare utakayemwona ni renja wa hifadhi, kazi yake ni njia, moto na usafi, na kinachoangaliwa ni kama umelipia paki ya gari, unaweka ile karatasi mbele kwenye kioo basi. Nimeenda pale nikiwa na wageni wa kila aina na sijawahi kuona mtu kasimamishwa getini kuulizwa katoka wapi.

Na ufukwe wenyewe huwezi kufukuzwa. Oregon wana sheria ya mwaka 1967 inayosema mchanga wa pwani yote ya jimbo ni wa wananchi kupita na kucheza, hoteli haiweki uzio, tajiri haweki mlinzi. Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki ambapo mlinzi wa hoteli anakutoa mbio kwenye mchanga uliozaliwa nao, hii sheria inatia wivu kwa kweli.

Kwa nini pawe na ngome basi? Ukitazama ramani utaona mto Columbia ndio mlango wa kuingilia nchi yote ile ya ndani, anayeushika mdomo wa mto kashika biashara. Mwaka 1863 Wamarekani walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, serikali ikaogopa meli za waasi wa kusini, ikawaogopa na Waingereza waliokuwa jirani tu kaskazini, ndio wakaanza kujenga ngome ya udongo yenye pembe tisa na handaki la maji kuizunguka. Ikakamilika 1865, vita navyo ndio vinaisha! Baadaye kuanzia miaka ya 1890 wakaja na zege na mizinga mikubwa. Miaka 84 yote jeshi limekaa pale na mizinga yao haikuwahi kufyatuliwa kwa adui hata mara moja.

Jina walimpa Isaac Stevens, jenerali aliyeuawa vitani 1862, ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa eneo la Washington, yule yule aliyewasukuma wenyeji wasaini mikataba ya kutoa ardhi yao. Na pale penyewe palikuwa kwa Waclatsop, wenyeji wa asili wa hapo. Wao walisaini mkataba na serikali hapo karibu, Tansy Point, mwaka 1851, bunge la seneti halikuupitisha kamwe, na ardhi ikaenda hivo hivo. Nyie mliofukuzwa kwenu mtaisoma hii habari kwa jicho lenu.

Kwa hiyo mama nendeni. Eneo la kihistoria lina mlango wake upande wa mtoni na ufukwe una njia yake, mnaweza kushinda kutwa nzima baharini baba asiione ngome hata moja. Akija kutaka mwenyewe siku nyingine sawa, asipotaka asilazimishwe, vyumba vile vina giza na sio lazima kwa mtu aliyeona mliyoyaona.

*"Anti, sasa? Kuna jamaa kazini huku Seattle ananichocha eti Wajapani walikuja na sabmarini wakapiga hiyo Fort Stevens makombora. Mi najua Pearl Harbor pekee. Ni story za jaba ama?" (Kijana wa Likoni)*

Poa sana kijana wangu. Jamaa yako hakudanganyi.

Usiku wa Jumapili tarehe 21 Juni 1942 nyambizi ya Kijapani inaitwa I-25, nahodha wake Meiji Tagami, ilisogea mdomo wa Columbia ikijificha nyuma ya mashua za wavuvi, kwa sababu walijua mabomu yametegwa majini na mvuvi wa pale anajua pa kupita. Karibu saa sita usiku ikainuka juu ikaanza kufyatua, makombora 17 kwa mzinga wa juu ya sitaha. Askari ngomeni wakatoka usingizini mbio, wakakaa kwenye mizinga yao wakingoja amri ya kujibu, na amri ikaja: zimeni taa, msipige. Walikasirika wale vijana sijui nikuambieje, miaka yote wanafundishwa kupiga halafu siku yenyewe imefika wanaambiwa kaeni kimya. Lakini mkubwa alikuwa na hesabu zake. Kwanza waliopima umbali walisema adui yuko nje ya uwezo wa mizinga yao ya Battery Russell, kituo kimoja cha mizinga cha ngome hiyo, ambacho kilikuwa cha tangu 1904. Pili ukijibu usiku moto wa mzinga wako unamwonyesha ulipo. Wakanyamaza, na Wajapani wakapiga giza, makombora mengi yakafia kwenye mchanga na kinamasi. Uharibifu mkubwa wa kutajika ni uwanja wa besiboli, ule wavu wa nyuma ya mpigaji uliharibika, na nyaya kadhaa. Hakufa mtu.

Ndiyo kambi pekee ya jeshi kwenye Marekani ya bara iliyopigwa na adui vita ile ya pili, Hawaii na Alaska weka pembeni. Na nyambizi hiyo hiyo I-25 haikutulia, Septemba ikarudi, safari hii ikapandisha kindege kidogo ilichobeba na rubani Nobuo Fujita akaenda kudondosha mabomu ya moto kwenye misitu ya kusini mwa Oregon karibu na mji wa Brookings, msitu ulikuwa umelowa moto haukuenea. Mwaka 1962 Fujita alialikwa Brookings akaenda, akawakabidhi upanga wa ukoo wake. Hayo mambo ya binadamu bwana.

Sasa wewe ni wa Likoni, tulia nikupe na ya kwako. Mwezi huo huo wa Juni 1942, huku I-25 ikipiga Oregon, wenzake walikuwa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji wanazamisha meli za mizigo moja baada ya nyingine, na tarehe 30 Mei walishapiga manowari ya Uingereza bandarini Diego Suarez, Madagaska. Hapo Kilindini unapovuka na feri ndipo meli za vita za Waingereza za Bahari ya Hindi zilipokuwa zimehamia, walikimbia Ceylon, Sri Lanka ya leo, baada ya Wajapani kuipiga Aprili. Kwa hiyo hofu ya nyambizi ya Kijapani ilikuwa Mombasa vile vile. Na Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa topido na nyambizi I-27, ikazama kwa dakika chache tu, wakafa watu karibu 1,300, kati yao mamia ya wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa kwetu, na manesi pia. Oregon wana alama na vibao kwa makombora 17 yasiyoua mtu, na ni vizuri, historia ihifadhiwe, ila mimi nikisimama pale mawazo yangu huwa kwa wale wa Khedive Ismail ambao watoto wetu shuleni hawasomeshwi hata jina la meli.

*"Dada, habari za kazi. Mwanangu yuko Beaverton, tunakwenda kumtembelea Julai na wajukuu wa Dar, wameshanunua nguo za kuogelea na maboya. Maji ya huko yakoje? Wamezoea Kigamboni." (Bibi wa Temeke)*

Nzuri dada yangu. Ndio swali nililokuwa nalisubiri, na nitalijibu kwa kirefu hata wengine mtanichoka.

Wajukuu hawataogelea. Watakanyaga maji, watapiga kelele, watarudi mchangani. Julai joto la maji pale ni nyuzi 10 hadi 14 hivi, wakati Kigamboni hata wakati wa kipupwe hayashuki chini ya 24, na cha ajabu kiangazi ndio upepo wa kaskazini magharibi unayasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani halafu yale ya baridi kutoka chini yanapanda kuchukua nafasi. Mtu akiingia ghafla mwili unashtuka, anavuta pumzi bila kutaka, akivuta maji yamemwingia. Anaweza kuwa muogeleaji hodari wa Dar na hilo halimsaidii. Wenyeji unaowaona kwenye mawimbi wamevaa zile suti nyeusi za mpira mwili mzima, na waokoaji wa kukaa juu ya kiti wakiangalia watu kama hoteli za kwetu, hawapo.

Halafu kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani ndio linatuponza zaidi kwa sababu tunadhani bahari tunaijua. Kwetu sehemu nyingi mwamba wa matumbawe uko nje kule, wimbi la bahari kuu linavunjikia huko, linalofika kwa watoto ni masazo tu. Oregon hakuna mwamba. Wimbi limetembea Pasifiki nzima halijagusana na kitu mpaka miguuni kwako. Na huwa linavizia: utakaa dakika kumi, dakika ishirini, mawimbi ni madogo, umeshapazoea umeshatandika khanga, mara linakuja moja linapanda mchanga mbali kuliko yote yaliyotangulia, linabeba mtu limrudishe nalo. Kila mwaka pwani ile inachukua watu hivo. Kwa hiyo bahari usiipe mgongo, watoto wadogo mshikane mikono, na picha za familia pigieni juu kwenye mchanga mkavu sio mmepanga mstari huku mmeyapa maji visogo.

Magogo nayo. Utakuta magogo makubwa ufukweni, mazuri kukalia yakiwa mbali juu kwenye mchanga mkavu, ila yaliyo karibu na maji au kwenye mchanga mbichi mtoto asisimame juu yake wala mbele yake. Gogo la tani kadhaa linaelea kwenye maji ya kifundo cha mguu, wimbi dogo tu linalibingirisha na aliye chini yake ndio basi. Nimeona wazazi wazima wanawapandisha watoto kwenye gogo lililolowa wapige picha na moyo wangu ukapasuka.

Angalieni jedwali la maji kupwa na kujaa kabla hamjatoka, lipo kwenye simu bure. Kule kwa siku yanajaa mara mbili lakini hayalingani, moja linakuwa kubwa kuliko jingine, kwa hiyo usiseme asubuhi yaliishia pale basi na jioni yataishia pale pale. Na magari yanaruhusiwa sehemu fulani za ufukwe, mtoto akikimbilia mpira atazame huku na huku.

La mwisho kwa hili, vibao vya buluu vinavyoonyesha mtu anapanda mlima wimbi liko nyuma yake, msivipuuze. Chini ya bahari ile kuna mpasuko mkubwa wa ardhi uliotikisika mara ya mwisho Januari 1700, na siku ukirudia itakuwa tsunami. Eneo la Fort Stevens ni tambarare. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu msisubiri king'ora wala kukusanya vyombo, tembeeni haraka kwa miguu kufuata vibao hadi juu. Dar mwaka 2004 mawimbi ya tetemeko la Indonesia yalifika na watu waliokuwa wanaogelea wakafa, maili elfu kadhaa kutoka huko, sasa huku chanzo kiko jirani tu.

Ila dada usivunjike moyo! Maboya hayatapotea bure. Ndani ya hifadhi kuna ziwa linaitwa Coffenbury, maji matamu yaliyotulia, kiangazi yanapata joto kidogo, kuna mchanga na sehemu ya kuogelea, wajukuu watamaliza hamu pale, na mkiwa mnawaangalia tu, maana hata huko hakuna wa kuwaangalieni. Na wabebeeni sweta. Julai ndiyo, sweta na jaketi la upepo, mtanishukuru.

*"Ile meli ya kutu kwenye picha ni ya vita? Tunaweza kuipanda?" (Msomaji, Arusha)*

Sio ya vita. Ni Peter Iredale, jahazi la chuma la milingoti minne la Waingereza, lilikuwa linatoka Salina Cruz, Mexico, likiwa tupu na farumi tu tumboni, linakwenda Portland kupakia ngano. Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1906 ukungu na upepo vikalibana mdomoni mwa Columbia, likapanda mchanga na halikushuka tena. Watu wote waliokolewa. Leo limebaki omo lake na mataruma yanayochomoza mchangani, na maji yakipwa vizuri unalifikia kwa miguu ukalizunguka. Kupanda usipande, chuma kimeoza kinakata na vipande vingine vimefukiwa huvioni. Baada ya shambulio la nyambizi jeshi lilitandaza seng'enge ufukweni ikapita hadi kwenye hilo jahazi, kwa hiyo naweza kusema vita ililigusa kidogo. Nenda jua linapozama, watu wote wenye kamera wanakwenda saa hiyo, lakini wana haki.

*"Asalaam aleikum shangazi. Mie natokea Jambiani, sasa niko Vancouver ya Washington. Nimesikia pwani hiyo ina kombe wengi mno, watu wanajaza ndoo. Na mie naweza kwenda kuokota?" (Mwana wa Jambiani)*

Waaleikum salaam mwanangu. Unaweza, ila kwa utaratibu, sio kama nyumbani unafunga kanga unateremka na pakacha.

Wanaowafuata pale ni kombe wembamba warefu wenye umbo la wembe wa kinyozi, wanakaa wima ndani ya mchanga na wanachimba kwenda chini haraka sana, ukiona kishimo mchangani una sekunde chache. Watu wanatumia sepeto jembamba au bomba la kushindilia na kuvuta. Nyama yake nzuri, mie nawapika kwa tui zito na ndimu na Wamarekani wanashangaa.

Sasa sheria. Kila mwenye miaka 12 kwenda juu lazima awe na leseni ya samakigamba ya jimbo la Oregon, na wewe kwa kuwa unaishi upande wa Washington utakata ya mgeni ambayo bei yake iko juu. Kila mtu anachukua 15 wa kwanza anaowachimba, wadogo kwa wakubwa, waliovunjika kwa wazima, huruhusiwi kumrudisha mdogo eti utafute mkubwa, kwa sababu ukishamchimba na kumrudisha hafi leo anakufa kesho. Na kila mtu chombo chake, sio familia nzima ndoo moja. Kutoka tarehe 15 Julai mpaka 30 Septemba panafungwa kwenye fukwe hizo za Clatsop ili wadogo wakue. Kisha kabla hujatoka nyumbani angalia tangazo la serikali la siku hiyo, maana kuna sumu inayotokana na mwani mdogo sana wa baharini inaingia kwenye kombe, kuipika haiondoki, kuigandisha haiondoki, na pwani inafungwa miezi hata kama kalenda inasema pako wazi. Nakusihi hilo usilichukulie kwa bismillah peke yake.

Wakati mzuri ni maji yakipwa sana asubuhi. Wewe wa Jambiani bamvua unalijua kwenye damu, hapo sina la kukufundisha.

*"Baba yetu ana miaka 79 na anatumia kiti cha magurudumu, watoto nao wanataka kuingia kwenye mahandaki. Hiyo sehemu itatufaa wote?" (Familia ya Kent)*

Itawafaa vizuri. Hifadhi ina njia za lami za baiskeli na miguu kama kilomita 24 zinazopita msituni na kuunganisha kambi, ziwa, ufukwe na ngome, tambarare karibu zote, mzee atasukumwa bila shida na atapata kivuli na harufu ya misonobari. Mchangani kiti cha kawaida kinazama, kwa hiyo pigeni simu hifadhi kabla muulize kama wana kiti cha ufukweni cha kuazima siku hiyo. Au mpelekeni kwa gari hadi paki ya mwisho kule ncha ya jeti, pale anaona mto, bahari na meli kubwa za mizigo zinapishana bila kushuka. Jeti ni ule ukuta wa mawe ulioingia baharini, ya kusini walianza kuijenga 1885, na mchanga uliokwama baada ya hapo ndio umeongeza ardhi kubwa ya ile ncha. Juu ya mawe yake msimpandishe mtu, yanateleza na yana mianya ya kumeza mguu.

Watoto wapeleke Battery Russell, iko ndani ya hifadhi, mnapanda ngazi mnatembea juu na chini mnavyotaka. Waambie mapema kwamba mizinga yenyewe haipo, maana niliwahi kwenda na mtoto akanuna njia nzima kurudi. Ilikuwa miwili, ya inchi 10, na ilikuwa ya kujificha: ikipigwa ule mshindo wenyewe unaurudisha mzinga nyuma na chini ya ukuta, askari wanaujaza wakiwa salama, halafu uzito mkubwa wa madini ya risasi uliowekwa chini unashuka na kuunyanyua mzinga juu tena. Ukimweleza mtoto hivo akiwa amesimama kwenye duara la zege lile anaelewa kila kitu. Anayetaka kuona umbo lake, Battery Pratt kwenye eneo la kihistoria wameweka mfano. Kiangazi kuna matembezi ya kuongozwa hadi chumba cha chini ya ardhi cha Battery Mishler, yana nauli yake.

Bebeni tochi za kweli, sio mwanga wa simu, na viatu vya kushika sababu ndani kunatiririka maji. Kuta za juu nyingi hazina reli, ni kuanguka moja kwa moja kwenye zege, mtoto wa chini ya miaka saba asiachiwe mkono. Na mkikutana na elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye mwili wa ng'ombe, msimkaribie kwa ajili ya selfi, hasa Septemba madume yanapotafuta majike.

*"Tunaogopa kulala hemani, mvua. Kuna hoteli ndani?" (Wapenzi wapya, Tacoma)*

Hoteli hakuna, ila kuna yurti, nyumba ya duara ya turubai yenye sakafu ya mbao, vitanda, taa na kipasha joto, mlango unafungwa kwa ufunguo. Mashuka na chakula mnaleta wenyewe. Ni 15 tu kwenye kambi yenye nafasi kama 500 na zinawahiwa mno, mnaweza kuweka oda miezi sita kabla, kwa hiyo kama mnataka Agosti Februari muwe mmeshakaa kwenye simu. Mkikosa njooni Mei au Oktoba katikati ya wiki. Mvua itawapiga, ndiyo, na mtakuwa peke yenu, si ndio mnachotaka?

*"Tukimaliza Fort Stevens na muda umebaki, tuongeze nini?" (Kundi la chama, Salem)*

Vukeni mto. Daraja la Astoria–Megler, lilifunguliwa 1966, lina urefu wa zaidi ya kilomita 6 na kuvuka ni bure, upande wa pili ni Washington, na huko kuna ngome dada mbili zilizokuwa zinalinda mdomo huo huo, Fort Columbia na Fort Canby. Fort Canby sasa iko ndani ya hifadhi ya Cape Disappointment, kuna mnara wa taa uliowashwa tangu 1856 na njia za kupanda juu ya majabali ambazo kwa macho yangu zinaishinda Fort Stevens, lakini ni milima, wazee wenu waulizeni kwanza. Kibali cha kupaki cha Oregon huko hakifanyi kazi, mnalipia cha Washington kivyake, kinaitwa Discover Pass. Mkiwa chama zima mnakwenda na magari sita, jipangeni muwe matatu.